Bakuli la Pini

Mgeni Nyange hafungi ushungi wake kwa pini. Anauzungusha mara mbili chini ya kidevu, anaupitisha nyuma ya shingo, anaukaza kwa fundo dogo lisiloonekana, kisha anatoka nyumbani kwake Wesha kwenda kazini. Jabir, karani wa dirisha la mapokezi hospitalini, huwa anamsubiri kwa neno lake la kila asubuhi.

"Bi Mgeni, umefunga kichwa kama mchuma karafuu anayeogopa sisimizi. Leo kwenu mnachuma?"

"Tunachuma. Njoo utushikie kikapu, Jabir, maana mtini kwa tumbo hilo hupandi."

Huu ni mwaka wa pili hana pini mwilini. Hana kwenye sare, hana kwenye mkoba, na saa yake ya kifuani iliyokuwa na kishikizo cha chuma ameihamishia mkononi. Wauguzi wageni hudhani ni uchamungu wa aina fulani. Wale wa zamani wanajua kwamba yote yalianza na msichana mmoja wa Makangale, kaskazini mwa Pemba.

Mgeni alizaliwa Kisiwa Panza, kisiwa kidogo ambacho mtu akipiga chafya upande wa mashariki, wa magharibi humwambia yarhamukallah. Baba yake, Nyange, alikuwa mvuvi. Mama yake, Bi Saada, alikuwa mshona kofia, na ni kwa kofia hizo Mgeni alivushwa kwa mtumbwi hadi Chokocho, ng'ambo, kusoma, na baadaye akapelekwa chuo cha uuguzi. Kofia moja ilichukua miezi mitatu. Bi Saada alikaa juu ya mkeka karibu na mlango, penye mwanga, akitoboa vijitundu na kuvizungushia uzi, kimoja baada ya kingine, mpaka ua likatokea kwenye kitambaa cheupe kana kwamba lilikuwemo tangu zamani na yeye kazi yake ilikuwa kulifukua.

Alikuwa na sindano moja. Akipumzika aliichomeka kwenye kofia yenyewe. Ikianguka mkekani, hapana mtu kuinuka hata kama chungu kinaungua jikoni, mpaka ionekane. Siku moja Mgeni, akiwa na miaka kumi, alimuuliza kwa nini asinunue pakiti nzima, zimo dukani.

"Kofia moja, sindano moja," mama yake alisema. "Ya pili itakuwa inamtafuta nani?"

Na siku sindano ilipompenya Bi Saada kiganjani ikazama hadi nusu, hakupiga kelele. Alimwita binti yake akae, atazame. Aliishika mwisho wake wenye tundu akaivuta taratibu, sawasawa na njia iliyoingilia. "Ivute kwa tunduni, ncha ije nyuma. Ncha ikitangulia inachana. Ikifuata, inafuata tu." Mgeni alikumbuka maneno hayo miaka arobaini hivi baadaye, katika chumba chenye kiyoyozi, huku ameshika koleo nyembamba ya kuingizwa tumboni mwa mtu.

Chumba hicho ndicho anachofanyia kazi mpaka leo. Kuna mpira mrefu mweusi wenye kamera mwishoni, unaopitishwa mdomoni ukashuka hadi tumboni, na picha ikaonekana kwenye kioo ukutani. Daktari wake ni Qais Nabhan, kijana wa mjini Chake, mrefu, mpole, mwenye kusahau kula. Daktari anatazama kioo. Mgeni anatazama uso wa mgonjwa, anamshika kichwa, anampa daktari vifaa, na kazi ikiisha anauosha mpira ule kwa subira ya mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, na alikuwa na yakini kwamba hapana jambo la tumbo la binadamu linaloweza kumshangaza.

Mardhiya alipoletwa mara ya kwanza alikuwa na sindano moja. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mshona kofia, amevaa buibui lililopauka, hatazami mtu. Aliyesema alikuwa mama yake, Bi Ummi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukimbia.

"Alikuwa kaishika kwa midomo, daktari. Akapiga chafya. Ikapita."

Dk. Qais alimgeukia Mgeni. Alijua kwao Mgeni wanashona kofia. "Washonaji hufanya hivyo? Hushika sindano mdomoni?"

Mgeni alimtazama Bi Ummi, na Bi Ummi akamtazama yeye. Yalikuwa macho ya mama anayeomba nguo ya kumfunika mwanawe barabarani. Mshona kofia hashiki sindano mdomoni, kwa sababu sindano yake ni moja na imo kazini. Mgeni alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Lakini alilelewa kwamba aibu ya mwenzako ukiiona unaisitiri, na Mungu atakusitiri yako.

"Hutokea," alisema.

Sindano ilitolewa kwa dakika kumi na mbili. Kwenye faili ikaandikwa ajali.

Miezi minne baadaye wakarudi, na sindano mbili. Bi Ummi akaja na chafya ile ile. Dk. Qais akainua nyusi, akamtazama tena Mgeni, na Mgeni akatazama sakafu. Ikaandikwa ajali. Siku hiyo alipokuwa anaosha mpira aliuosha mara tatu, na bado akaona kuna kitu hakijatoka.

Mara ya tatu ilikuwa Jumatatu, saa mbili asubuhi. Picha ya eksirei ilipowekwa kwenye taa, ilionekana mistari minne myeupe, myembamba, sindano tatu zimepishana tumboni kama vijiti vya kuwashia moto, na ya nne imeelekea mlango wa utumbo. Nje ya chumba muuguzi mmoja alisema, kwa sauti ambayo hakuwa na haja ya kuificha, "Yuno anatuchezea. Watu wana vidonda vya kweli wanasubiri foleni."

Bi Ummi alisimama kwenye kona na mkoba wake kifuani. "Chafya, daktari," alianza.

"Amekula?" Dk. Qais aliuliza.

"Nimempa muhogo wa kuchemsha, sahani nzima, ili uzishike zisichome."

Daktari alifumba macho kidogo. Mtu akilazwa usingizi na tumbo limejaa, chakula chaweza kupanda kikaingia mapafuni. Muhogo ule aliula saa moja asubuhi. Ilibidi kungoja, na kila saa ya kungoja zilikuwa sindano nne ndani ya mwili unaojongea wenyewe bila kuuliza mtu. Alimpigia simu mpasuaji awe tayari, akaamuru Mardhiya asipewe hata maji, kisha akaketi.

"Saa tisa," alisema. "Hatuwezi kabla ya hapo. Tumbo likizidi kuuma au likikaza, anapasuliwa."

Mgeni alifunga mlango. "Daktari, hino si ajali."

"Mara mbili umenisaidia kuandika ajali."

"Ndiyo. Nimekosa."

Alilisema kama anavyosema mtu aliyevunja sahani, bila kulipamba. Dk. Qais alilifungua faili kwenye neno ajali. Alikuwa na hasira, na alikuwa na adabu, na yule ni mtu wa umri wa mama yake. Hatimaye alisema, "Basi nenda kakae naye. Mimi akinitazama anaona koti tu."

Alimkuta Mardhiya amelala ubavu, uso ukutani. Kabla ya kukaa, Mgeni alizunguka chumba. Alitoa mkasi mezani, akatoa bomba la sindano na chupa ya kioo, akaangalia droo. Kisha mkono wake ukapanda wenyewe kwenye ushungi, ukagusa pini mbili zilizoushika chini ya kidevu na nyingine ya begani. Alizichomoa, akaziweka kwenye bakuli dogo la chuma, akalitoa nje ya mlango. Ushungi ukateleza. Akaufunga kama wafungavyo wanawake shambani, akaketi.

"Ngapi?" aliuliza.

"Picha si imeshasema."

"Picha nimeiuliza. Sasa nakuuliza wewe."

Nje mtu alikuwa anaburuta kitanda chenye gurudumu bovu.

"Nne."

"Na ya tano?"

"Hapana ya tano."

"Mardhiya, mie mama yangu mshona kofia. Sindano yake ilikuwa moja. Hapana mtu anayetia sindano nne mdomoni akangoja chafya."

Msichana aligeuka. Ilikuwa mara ya kwanza Mgeni kuyaona macho yake vizuri. "Umejua tangu lini?"

"Tangu ile ya kwanza."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Nilidhani nakusitiri. Kumbe nimeusitiri ugonjwa, wewe nimekuacha uwanjani."

Mardhiya akacheka kidogo, kicheko kikavu, akaweka mkono tumboni. Kisha akaanza kusema, kwa vipande, akipumzika katikati kama mtu anayepandisha maji kisimani. Alizaa mtoto wa kiume, akakaa siku tisa, akafa. Mume akamrudisha kwao kabla ya mwaka. Tangu hapo alikuwa na kitu kifuani, hajui jina lake, kinakaa kama jiwe na kinapiga kelele kama watu wengi. Alikwenda vituo vitatu vya afya. Alipimwa malaria, alipimwa damu, alipimwa mkojo.

"Kila mahali wananambia huna kitu, nenda nyumbani. Nyumbani wananambia huna kitu, kashone. Mpaka siku ile picha ilipowekwa kwenye taa hapa. Kila mtu alikimbia, Bi Mgeni. Hata yule aliyekuwa anakula andazi aliliacha akakimbia."

Aliyekuwa anakula andazi alikuwa ni yeye.

Alikaa naye muda wa saa tatu. Hakumpa mawaidha, na mawaidha alikuwa nayo mengi, ya Qurani na ya mjini. Alimuuliza jina la mtoto. Mardhiya akasema alikuwa Hamdan, na kwamba tangu azikwe hapana mtu aliyelitaja mbele yake, kwa kumhurumia. Mgeni akalitaja. Wakalitaja wote wawili, mara kadhaa, kwa sauti ya kawaida, kama jina la mtu aliyeko chumba cha pili.

Kisha alimwendea Bi Ummi kwenye benchi la ukumbini.

"Usimwandikie mwanangu wazimu," Bi Ummi alimuwahi. "Nna wawili nyuma yake hawajaposwa."

"Faili halisomwi barazani, dada yangu."

"Faili halisomwi. Watu je?"

"Watu wameshasema, toka ile ya pili. Wanasema mwanao anafanya mchezo. Mie nataka kuandika kwamba anaumwa. Nikiandika chafya mara ya tatu, atarudi na sindano sita, au labda asirudi kabisa."

Bi Ummi aliinama. Alilia bila sauti, akijifuta kwa ncha ya mtandio, na watu waliopita walidhani anaomba dua. Hatimaye akasema, "Basi andika. Lakini andika pole pole."

Ikabaki kazi yenyewe. Sindano moja huvutwa kwa tunduni na ncha ikafuata nyuma, kama Bi Saada alivyofundisha mkekani. Tatu zilizopishana ni jambo jingine. Ukiivuta moja, ya pili inageuka, na koo la binadamu si kitambaa, likichanwa halishoneki kirahisi. Zipo kofia laini za mpira zinazovishwa kwenye ncha ya kamera ili kuifunika ncha kali ya kitu kinachotolewa. Waliyokuwa nayo ilikuwa moja, na ilipasuka mwezi uliopita.

"Niliwahi kusoma wanaitengeneza kwa glavu," Dk. Qais alisema, kama mtu anayeona haya.

"Nipe glavu," Mgeni alisema.

Alikata kiganja cha glavu nene ya upasuaji kwa umbo la faneli, akaivisha kwenye ncha ya mpira wa kamera, akaifunga kwa uzi wa hariri. Fundo lilikuwa lile la mwisho wa kofia, lisilolegea wala kuvimba. Kisha akamtaka Jabir tyubu ya akiba ya baiskeli yake.

"Mnamtibu mtu au mnaziba pancha?" Jabir aliuliza.

"Tunataka isitoke pancha."

Walitia sindano ndani ya tyubu, wakaikamata, wakaivuta. Mara ya kwanza kofia ilikunjuka mapema na sindano ikakwaruza. Mgeni alipunguza upana wa kidole kimoja, akafunga tena. Mara ya pili ikapita. Mara ya tano walikata tyubu, wakaifungua kama samaki, wakapitisha vidole ndani. Hapakuwa na hata mkwaruzo.

Saa tisa na robo Mardhiya alilazwa usingizi. Mgeni alimshika kichwa kwa mkono mmoja. Kamera ilishuka, koo la waridi likapita kwenye kioo, tumbo likafunguka, na mle, juu ya mabaki ya muhogo, sindano zikang'aa. Bi Ummi hakukosea kabisa, maana muhogo ulikuwa umezishika mbili. Daktari aliikamata ya juu kwa tunduni. Alivuta. Kofia ya glavu ikageuka, ikaifunika, ikaja nayo taratibu mpaka mdomoni, na sindano ikaanguka kwenye bakuli la chuma kwa sauti ndogo. Wakaifunga kofia upya. Ya pili. Ya tatu ilikataa, ilijiegemeza ukutani mwa tumbo na ncha yake, iliyotazama juu, imeanza kuuma nyama.

"Usiivute," Mgeni alisema. "Isukume kwanza chini kidogo. Ijitoe yenyewe ilikoingilia."

Daktari alikamata tundu, akasukuma kwa upana wa punje ya mchele, akaizungusha. Ikajitoa. Tone moja la damu likatokea, likasimama. Sindano ikaanguka bakulini juu ya wenzake.

Ya nne waliiona kwa mbali, tundu lake linametameta kwenye mlango wa utumbo. Daktari alinyoosha koleo. Tumbo likajikunja, mlango ukafunga, na ulipofunguka haikuwepo.

"Imekwenda," alisema Dk. Qais.

Kwa sindano iliyokwenda kunabaki kuisubiri. Kila asubuhi picha moja. Mgonjwa ale kama kawaida, atembee, aseme mara moja akipata homa au tumbo likimuuma. Wengi hupitisha salama. Lakini sindano ikikaa mahali pamoja siku tatu, ni dalili kwamba imechoma, na mpasuaji anaingia.

Jumanne ilionekana upande wa kulia, chini. Na Jumanne ndugu walifika kutoka Makangale, wanawake kumi na mmoja, na birika, na mikate ya kumimina, kwa sababu Pemba mgonjwa hawezi kuachwa alale peke yake na mawazo yake. Mgeni aliwasimamia mlangoni akiwa na lile bakuli.

"Pini," alisema. "Za ushungi, za begani, bruchi, zote humu."

"Mbona vile?"

"Mashine. Chuma kinavuruga picha."

"Sasa tukae vichwa wazi mbele ya madaktari?"

"Fungeni kama mimi. Mama zenu walifunga hivi na waliolewa."

"Na meno ya dhahabu ya shangazi?" aliuliza mmoja.

"Meno yaingie na mwenyewe."

Wakacheka, wakachomoa. Bakuli likajaa pini za rangi zote, nyingine na vishanga, moja ina kipepeo. Hapana aliyeambiwa sababu ya kweli, na hapana aliyeikisia. Mgeni alisimama na bakuli lile zito mkononi, na hapo akaelewa sitara ilivyopasa kuwa tangu mwanzo. Alikuwa amemfunika Mardhiya mbele ya watu kumi na mmoja, na kwenye faili ukweli wote umo.

Jumatano sindano ilikuwa pale pale.

Dk. Qais aliziweka picha mbili pamoja, akapima kwa rula. Siku hiyo hiyo Mgeni alimkuta Bi Ummi anakoroga haluli, dawa ya kuharisha, kwenye kikombe, nyuma ya pazia.

"Bi Ummi, hiyo itaifukuza kwa fujo. Itachoma njiani."

"Kesho wanamkata."

"Labda. Na labda inatembea pole pole kama mtu mwenye adabu. Nipe kikombe."

Bi Ummi alikishika muda mrefu. Kisha akampa. Jioni Mgeni alirudi kwake Wesha, akaswali, akashindwa kula. Mumewe alimuuliza kuna nini kazini. Akasema kuna sindano, akafunika sahani.

Alhamisi ilikuwa imehama. Ilikuwa kushoto, imesimama wima, ncha juu na tundu chini, inakwenda kwa tunduni na ncha inafuata nyuma. Dk. Qais alimwita Mgeni aje aone, kisha daktari akakumbuka kwamba tangu jana hajala, akaomba mkate.

Ijumaa kabla ya sala, picha ilipowekwa kwenye taa, ilionyesha mbavu, uti wa mgongo, hewa ya tumbo, na mifupa ya nyonga kama mbawa mbili. Hapakuwa na chuma popote. Kutoka ukumbini Jabir alikuwa anauliza kila anayepita, "Imetoka? Haijatoka?" kama mtu anayefuatilia mpira redioni.

Daktari alikuwa anaelekea kitandani Mgeni alipomshika mkono wa koti.

"Usimwambie hana kitu."

Daktari alisimama akafikiri. Kisha akaenda akaketi kitandani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mgonjwa. "Mardhiya, sindano zimekwisha zote. Maumivu yako hayajakwisha, na hayo nayo ni kazi yetu. Jumatano tunaanza."

Mardhiya alimtazama, kisha akamtazama mama yake, kisha Mgeni, kama mtu anayehesabu mashahidi.

Jumatano ndiyo siku ya Bi Khairiya, muuguzi wa afya ya akili. Alimpa Mardhiya dawa, na zaidi ya dawa alimpa muda. Walipatana kwamba nyumbani Makangale sindano zote zitoke, ibaki moja, ya kofia. Bi Ummi ataitoa asubuhi na kuipokea jioni, bila maneno. Na Mgeni akaongeza lake, siku ile ya kuondoka, wakiwa wamesimama karibu na dirisha la Jabir.

"Hapa usije na sindano tumboni ndipo tukukimbilie. Ukiona mkono unaitaka, njoo kabla. Ilete hapa mkononi. Nitakukimbilia vile vile."

"Kweli?"

"Jaribu uone."

Wiki mbili za mwanzo tangu arudi nyumbani, Jumatano zilipita bila yeye. Ya tatu alikuja, na mama yake, na mkate wa kumimina. Baada ya hapo alikuja kila Jumatano, na Mgeni akaanza kuamini, kwa uangalifu, kama mtu anayekanyaga daraja jipya la mikoko.

Mwezi wa tisa tangu siku ile, ilikuwa Jumamosi, wala si siku ya kliniki. Mgeni alikuwa kwenye chumba chake cha nyuma, chai mbele yake, ameuma andazi mara moja, aliposikia sauti ya Jabir dirishani.

"Umemeza?"

"Sijameza."

"Una homa? Tumbo?"

"Hapana. Namtaka Bi Mgeni."

"Sasa dada, nikuandikie nini? Lazima niandike unaumwa nini. Hapa ni dharura."

Ile ilikuwa tarehe aliyozaliwa Hamdan. Mgeni aliijua tarehe, ameiandika kwenye daftari lake. Aliliacha andazi mezani akakimbia. Miaka hamsini na mbili, magoti mabovu, kandambili za hospitali, alikimbia ukumbi mzima, na watu wa kwenye mabenchi wakavuta miguu yao kumpisha, wakidhani kuna mtu anakata roho.

Mardhiya alikuwa amesimama dirishani peke yake, jasho usoni. Ametoka Makangale asubuhi, mara tu mama yake alipompa sindano ya siku hiyo, amebadilisha gari mbili, na njia nzima mkono wake wa kulia haukufunguka. Bi Mgeni alipofika, aliufungua. Ndani mlikuwa na kipande cha kofia ambayo haijaisha, ua moja na nusu, na sindano imechomekwa humo, uzi wake bado umo.

"Nimekuja kabla," alisema.

Jabir alitazama sindano, akamtazama msichana, akafahamu. Aliinama chini ya meza yake, pale ambapo bakuli la chuma hukaa siku zisizo na wageni wengi, akalitoa dirishani. Mardhiya akaichomoa sindano kwa tunduni, akaidondosha. Ilitoa sauti ndogo, ile ile.

"Niandike nini, Bi Mgeni?" Jabir aliuliza, safari hii kwa upole.

Mgeni alikuwa bado anatweta. Alikuwa ameshamshika Mardhiya mkono, anampeleka ndani.

"Andika dharura," alisema. "Andika na saa aliyofika."